BISKUTI ZIKITANDAA, NANI WA KULAUMIWA?



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya mbuzi wa maziwa, matangi ya maji na vitabu vya hesabu. Safari hii tunaingia jikoni. Vikundi vingi siku hizi vimeanza kuoka na kuuza, na maswali tunayoulizwa tukitembelea vikundi ni mengi. Lakini tuseme ukweli, sababu hasa ya kuandika ni jambo lililotokea katika kikundi kimoja tunachokihudumia, ambalo na sisi tulishiriki kuliharibu. Jina la kikundi hatulitaji. Wenyewe wametukubalia tulieleze jambo lenyewe, mradi wasijulikane.

Kikundi hicho kina wanachama 18, karibu wote akina mama, na kiko huko milimani kwenye baridi. Walichanga pesa za meri-go-raundi kwa muda mrefu, wakanunua oveni ya mkaa ya mabati, trei 2 na mizani ndogo ya jikoni. Wakapata oda yao ya kwanza kubwa: shule ya msingi iliyo karibu ilitaka pakiti 40 za biskuti kwa ajili ya siku ya wazazi, kila pakiti biskuti 6. Yaani biskuti 240. Asubuhi hiyo wakakanda unga wa kilo 3 kwa mara moja, katika beseni moja kubwa. Wakapima kila donge gramu 25, wakalibonyeza kwa kitako cha gilasi, wakapanga madonge 20 kwa kila trei, wakaingiza.

Trei 2 za kwanza zilitoka vizuri kabisa. Akina mama wakapiga vigelegele. Za awamu ya pili zikatoka zimetandaa kama chapati, zimeshikana moja kwa nyingine, kingo zimeungua na katikati bado laini. Za tatu hivyo hivyo. Hazikuingia kwenye pakiti, na zilizolazimishwa kuingia zilivunjika. Kufika jioni, biskuti za kuuzika zilikuwa 40 na kitu hivi kati ya 240. Shule ikachukua chache zilizokuwepo, nyingine ikanunua dukani. Pesa za unga, mayai, mafuta na mkaa zikawa zimeenda na maji.

Sasa hapo ndipo maneno yakaanza. Biskuti nyembamba maana yake unga ni kidogo, wakasema. Na unga ukiwa kidogo, basi kuna mtu ameupunguza. Ufunguo wa stoo ulikuwa kwa mama mmoja tu. Wakasema ati kilo moja imelala kwake, ati hata watoto wake wameonekana wakila mandazi. Tuliitwa kwenye mkutano. Tulisikiliza pande zote, na badala ya kuuliza jinsi biskuti zinavyookwa, tukaandika kwenye kumbukumbu kwamba "suala la stoo lichunguzwe", tukafunga kwa sala tukaenda zetu. Yule mama aliacha kuja kwenye mikutano. Hata kwenye jumuiya ndogo ya Kikristo akawa haonekani.

Baadaye, tukiwa tumetulia, tuliomba daftari la siku ile, tukaketi na wanachama wachache, tukaoka tena. Daftari lenyewe lilikuwa na jibu tangu mwanzo, ila hakuna aliyelisoma. Tutalifikia. Kwanza tuelewe biskuti inavyotandaa.

UJI NA UGALI

Kila mpishi anajua kwamba uji humiminika na ugali husimama, ingawa vyote viwili ni unga na maji. Donge la biskuti likiingia kwenye oveni ni ugali. Dakika mbili tatu baadaye linaanza kugeuka uji, bila mtu kuongeza tone la maji. Linatoka wapi hilo? Mafuta yaliyokuwa magumu yanayeyuka. Sukari nayo inayeyuka katika yale maji kidogo yaliyomo kwenye mayai na majarini, inakuwa mchuzi mzito kama asali. Donge linalegea na kutandaa kwa uzito wake lenyewe.

Wakati huo huo moto unafanya kazi nyingine ya kulisimamisha. Maji yanakauka, yai linaganda kama linavyoganda kwenye karai, na unga unakaza. Biskuti ikishakaza haisogei tena.

Kwa hiyo ndani ya oveni kuna mashindano kati ya kulegea na kukaza. Kulegea kukitangulia kwa mbali, unapata chapati. Kukaza kukiwahi, biskuti inabaki na kimo chake. Ukielewa hilo, hutahitaji kukariri sheria nyingi. Kila mara ukiona biskuti imeharibika, jiulize: ni kitu gani kimeharakisha kulegea, au ni kitu gani kimechelewesha kukaza?

MAFUTA

Siagi huyeyuka kwenye joto la nyuzi 32 hadi 35 hivi, chini kidogo ya joto la mwili wa binadamu. Ndiyo sababu hukuyeyukia mdomoni. Mafuta magumu ya kopo, kama Kimbo au Kasuku, kwa kawaida huchelewa kuyeyuka kuliko siagi, na kwa hiyo biskuti zake hazitandai haraka. Mafuta ya maji ya kukaangia yameshayeyuka kabla hata hujawasha jiko. Kikundi kinachobadilisha mafuta magumu kwa mafuta ya maji kwa sababu bei imepanda, na kuacha mengine yote kama yalivyo, kisishangae.

Majarini nayo ina mambo yake. Mafuta ya kupikia ya kopo ni mafuta matupu, lakini majarini ni mafuta yaliyochanganywa na maji. Ile ya zamani ya kuokea ilikuwa na mafuta sehemu 80 kwa 100, lakini zile laini za kupaka mkate mara nyingi zina mafuta pungufu na maji zaidi. Imeandikwa kwenye kopo kwa maandishi madogo. Mwambieni mtoto wa sekondari asome.

Kisha kuna joto la mahali penyewe. Mchana wa Mombasa, joto likiwa nyuzi 30, majarini inakaribia kuwa uji hata kabla ya kufika kwenye beseni. Asubuhi ya Nyahururu unaikata kwa kisu. Wanaoishi kwenye joto waoke alfajiri, au waliweke donge mahali pa baridi kwa saa moja kabla ya kukata. Friji si lazima. Sufuria yenye donge, iliyofunikwa na kuwekwa ndani ya beseni la maji ya mtungi, na kitambaa kilicholowa juu yake pale upepo unapopita, inatosha kabisa. Vikundi vyenye kile kibanda cha mkaa cha kuhifadhia mboga vina friji tayari ila hawajui.

Faida ya kulipumzisha donge ni zaidi ya baridi tu. Unga nao unapata nafasi ya kunywa maji yaliyomo. Maji yaliyonywewa na unga hayabaki ya kuyeyusha sukari.

Na wale wenye mikono yenye nguvu, tuwaambie: kupiga mafuta na sukari kuna kikomo. Mnapopiga, mnaingiza hewa. Kwa keki ni vizuri. Kwa biskuti, ukipiga mpaka ikawa nyeupe kama povu la sabuni, itafura kwenye oveni halafu ianguke na kutandaa. Ikishachanganyika vizuri na kubadilika rangi kidogo, acha.

SUKARI

Watu wengi hufikiri sukari ni ya utamu tu. Kumbe ndiyo inayotengeneza ule mchuzi tuliosema, na pia inaushikilia unyevu hivi kwamba unga unachelewa kukaza. Ukiongeza sukari ili watoto wafurahie, umeongeza na kutandaa. Sukari ya chembe ndogo huyeyuka upesi, kwa hiyo hutandaza zaidi. Ya chembe kubwa huchelewa, nyingine hubaki haijayeyuka mpaka biskuti inakaza. Msipike mara hii na sukari ya namna hii na mara ijayo na namna nyingine halafu mkatafuta mchawi.

Sukari guru na asali huja na unyevu wao wenyewe. Biskuti zake huwa laini na hubadilika rangi haraka. Ni tamu sana, sisi wenyewe tunazipenda, lakini pakiti yake iwe tofauti.

UNGA, NA JINSI UNAVYOPIMWA

Unga wa ngano una protini ambayo ikikutana na maji na kukandwa inafanya ule mnato unaovutika kama mpira, unaouona kwenye donge la chapati. Unga wenye protini nyingi hunywa maji zaidi na kushikilia donge lisitandae. Unga mwepesi wa keki huliachia. Unga wa ngano nzima, ambao una pumba, hunywa maji sana na biskuti zake hutandaa kidogo. Unga ulioandikwa kwamba unajifura wenyewe umeshatiwa beking pauda kiwandani. Tumekuta kikundi kinautia tena vijiko vyake, kwa sababu karatasi ya mapishi ilisema hivyo.

Wanaochanganya wimbi, mtama au muhogo, hongereni, kwa sababu ni mazao yenu na bei mnaijua. Lakini unga wa mazao hayo hauna ule mnato, biskuti hupasukapasuka na kuvunjika. Anzeni kwa robo ya unga wote, robo tatu ziwe ngano, mjaribu kabla ya kuongeza.

Shida kubwa zaidi tunayoiona si aina ya unga bali kipimo. Gorogoro ni kipimo kizuri cha mahindi sokoni. Si kipimo cha kuokea. Chota kikombe cha unga kwa kukandamiza ndani ya mfuko, kisha chota kikombe kingine kwa kuumimina polepole baada ya kuuchekecha, halafu vipime vyote viwili. Utaona tofauti ya gramu 20 hadi 30 kwa kikombe kile kile. Mwanachama mmoja anakandamiza, mwingine anamimina, na wote wawili ni waaminifu mbele ya Mungu. Ukipima vikombe 20 namna hiyo, nusu kilo nzima imepotea bila mtu kuiba hata punje. Mizani ndiyo dawa.

Mayai hivyo hivyo. Yai la kuku wa kienyeji na yai la kuku wa gredi hayalingani. Vunja, pima kwa gramu.

Kwa wanaotaka mahali pa kuanzia, kipimo tunachofundisha ni hiki: unga kilo 1, mafuta gramu 400, sukari gramu 400, mayai gramu 200 yakiwa yamevunjwa, beking pauda vijiko 3 vya chai, chumvi nusu kijiko. Jumla ni kilo 2 na kidogo, yaani madonge 80 ya gramu 25. Tafadhali ikumbukeni hiyo 80.

Kuhusu beking pauda na soda ya kuokea, kwa kifupi: si kitu kimoja. Soda peke yake hupunguza nguvu ya ule mnato na kuchelewesha kukaza, kwa hiyo biskuti hutandaa zaidi na kuwa kahawia haraka. Ikizidi, ladha inakuwa ya sabuni. Msibadilishane vijiko.

MOTO NA TREI

Hapa tutakaa kidogo, kwa sababu ndipo oda ya shule ilipopotelea.

Oveni ikiwa baridi, mafuta yanapata muda mrefu wa kuyeyuka kabla unga haujakaza. Watu wengi wakiona biskuti zinatandaa hupunguza moto, wakidhani wanazitunza. Wanaongeza tatizo. Biskuti hutaka joto la nyuzi 180 hivi, na oveni iwe imeshafika hapo kabla ya trei kuingia.

Oveni ya mkaa haina saa ya joto, lakini mama zetu walikuwa na njia. Nyunyiza unga mkavu kijiko kimoja kwenye kipande cha bati, uingize, ufunge mlango dakika 5. Ukitoka na rangi hafifu ya maziwa ya chai, moto ni mdogo. Ukitoka kahawia ya dhahabu, moto ni wa kadiri, ingiza biskuti. Ukitoka kahawia nzito, ngoja upungue. Na mlango usifunguliwe kila dakika kuwaonyesha majirani. Kila ukifungua, joto linatoka, na mkaa hauwezi kulirudisha upesi kama gesi.

Trei ipakwe mafuta kidogo sana, kama unavyopaka mkono. Trei inayong'aa mafuta inateleza, na biskuti inatelezea juu yake. Ukinyunyiza unga kidogo juu ya mafuta na kukung'uta, inashika.

Na sasa trei ya moto. Ukitoa biskuti zilizoiva, trei ina joto linaloweza kukuunguza mkono. Ukipanga madonge mabichi juu yake hapo hapo, mafuta ya upande wa chini yanaanza kuyeyuka ungali bado unapanga la tano. Likifika la ishirini, la kwanza limeshatandaa, na bado halijaonja oveni. Halafu mlango ulikuwa wazi muda wote ule. Mambo mawili mabaya kwa pamoja.

Kikundi chetu kilikuwa na trei 2 tu. Oveni ilichukua trei 2. Awamu zilikuwa 6. Hesabu hiyo mwaiona: ni awamu ya kwanza peke yake iliyopangwa kwenye trei baridi. Zaidi ya hayo beseni la donge lilikuwa limewekwa kwenye benchi kando ya oveni, eti lisishikwe na baridi, na kadiri saa zilivyokwenda ndivyo majarini ilivyozidi kulegea.

Tulipooka tena, msichana mmoja, binti wa mwanachama, ambaye siku ile alikuwa akisaidia kuosha vyombo, alisema kitu ambacho hakuna aliyekuwa amemwuliza. Alisema awamu ya nne ilikuwa nafuu kidogo. Kwa nini? Kwa sababu kabla yake watu walisimama kula githeri, na yeye akaziosha zile trei kwa maji baridi.

DAFTARI LILISEMA NINI

Tukafungua daftari. Mwandishi alikuwa ameandika kila awamu: 40, 40, 40, 40, 40, 40. Jumla 240. Unga kilo 3, na kila kilo hutoa madonge 80. Themanini mara tatu ni 240. Kama kilo moja ya unga ingekuwa imechukuliwa, donge lote lingekuwa pungufu kwa kilo moja, na kwa gramu 25 kila moja yangekosekana madonge 40. Hata nusu kilo ingekosekana, wangepungukiwa na madonge 20. Hakuna hata moja lililokosekana.

Mwanachama mmoja, mzee mwenye akili ya kupinga (kila kikundi kinahitaji mmoja), akauliza: je, kama aliondoa unga akaongeza maji ili uzito utimie? Swali zuri. Lakini donge lilikandwa mara moja, katika beseni moja. Kama lingekuwa na maji mengi, hata biskuti za awamu ya kwanza zingetandaa. Zile 40 zilikuwa nzuri, na wote walizila kwa macho. Mwizi hawezi kuiba unga kwenye donge la awamu ya pili bila kugusa la kwanza.

Tukapima pia biskuti yenyewe. Iliyotandaa na iliyosimama zilikuwa na uzito karibu sawa, gramu 22 au 23, kwa sababu kila moja imepoteza maji kidogo ikiiva. Nyembamba haimaanishi pungufu. Imetandaa tu, kama shuka iliyokunjuliwa.

NYANDA ZA JUU NA PWANI

Kuna jambo moja zaidi ambalo vikundi vya milimani huulizia. Karatasi ya mapishi ikitoka Mombasa hupotea njia ikifika juu. Kule pwani maji huchemka kwenye nyuzi 100. Nyahururu, ambako ni zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, yanachemka kwenye nyuzi 92 hivi, ndiyo sababu maharagwe hayaivi upesi. Hewa ya juu ni nyepesi, haikandamizi sana. Basi gesi ya beking pauda inafura kupita kiasi, biskuti inapanda ghafla, inaanguka, inatandaa. Maji nayo hukauka haraka, na mchuzi wa sukari unakuwa mzito kupita kiasi.

Wa milimani wapunguze beking pauda kwa robo, na sukari kwa kijiko kimoja au viwili vya mezani kwa kila kilo ya unga, na oveni iwe na moto kidogo zaidi. Wajaribu, waandike. Wa pwani adui yao ni lile joto la kabla ya oveni, tulilolisema kwenye mafuta.

BISKUTI SITA NA RULA

Viwandani kuna njia ya kupima kutandaa ambayo haihitaji mashine yoyote. Panga biskuti 6 kwa mstari zikigusana, upime urefu kwa rula. Kisha zibebeshe zote 6 juu ya nyingine, upime kimo. Gawanya urefu kwa kimo. Tuseme mstari ni sentimita 36 na kimo sentimita 6, jibu ni 6. Wiki ijayo ukipata 9, biskuti zimetandaa na kitu kimebadilika: ama mafuta, ama moto, ama trei. Nambari ya kikundi chako si lazima iwe ya jirani. Kuna wateja wanaopenda biskuti nyembamba ya kuvunjika kwa sauti, na hilo si kosa. Muhimu ni pakiti ya leo ifanane na ya jana, kwa kuwa mteja analipia kile alichokizoea.

Na kabla ya kuoka zote, oka moja. Biskuti moja tu, katikati ya trei, kwa moto ule ule. Ikitandaa, donge lingali kwenye beseni na linaweza kuokolewa: lipumzishe kwenye baridi, au ongeza unga vijiko viwili, ujaribu nyingine. Kikundi kile kilipoteza biskuti 200 ambazo moja ingetosha kuwaonya.

Zilizoharibika msitupe. Zikauke tena kwenye oveni yenye moto mdogo, zisagwe, zitiwe kwenye uji wa watoto au kwenye donge la keki. Zile 200 nyingi zililiwa na nguruwe kwa hasira, na hilo nalo limo kwenye daftari.

KUMBUKUMBU ZA MKUTANO

Wapo wanachama waliosema yaishe tu, tusilirudie jambo la stoo, yule mama ataelewa. Sisi tulikataa, kwa sababu maneno yetu yalikuwa yameandikwa na yake hayakuandikwa. Tulikwenda kwake na mwenyekiti na katekista, tukiwa na daftari na biskuti mbili, nyembamba na nene. Alizitazama, akatuuliza swali moja tu: "Sasa mtaandika?"

Tuliandika. Katika mkutano uliofuata kumbukumbu za zamani zilisomwa, kisha mpya zikasomwa mbele ya wote: kwamba hesabu ya madonge ilitimia, kwamba kosa lilikuwa la trei na moto, na kwamba ofisi yetu ilifanya haraka. Yeye na mwenyekiti wakatia sahihi, na sisi tukatia.

Kikundi kimenunua trei nyingine 2, zinapokezana, zilizotoka huwekwa nje kwenye upepo mpaka mkono uweze kuzishika. Beseni liko chumba cha pili. Yule mama amerudi, lakini ufunguo wa stoo aliukataa kata kata, na hatukumlazimisha. Siku ya kuoka yeye ndiye anayeshika rula.